Boti Ikichemsha, Fuata Maji

Huku kwetu Mtwara boti ikichemsha, themostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, ndiyo inayokamatwa kwanza. Haijapimwa, haijaulizwa, inang'olewa na kutupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Fundi ananawa mikono, tajiri wa chombo analipa, nahodha anaambiwa sasa itapoa. Nimefungua injini nyingi za ndani ya boti, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, nikakuta nyumba ya themostati tupu, na wenyewe hawana habari ilitolewa lini wala na nani.

Sisemi themostati haiharibiki. Inaharibika. Lakini kuipima ni kazi ya jikoni: unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji, unabandika jikoni, unaweka kipimajoto ndani, unaangalia inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba yake imechongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa injini nyingi za dizeli zenye maji yake ya ndani utakuta ni kati ya nyuzi 71 na 82. Ikianza kufunguka hapo na ikaendelea mpaka mwisho, irudishe, haina kosa. Ukiiacha nje, safari fupi zote injini inatembea baridi, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka mapema. Tena zipo injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa chini. Kazi ya kisahani hicho ni kuziba njia ya mkato pale maji yanapopata moto, ili yote yalazimike kupita kwenye kipozeo, mahali yanapopozwa. Injini ya aina hiyo ukiinyang'anya themostati, maji ya moto yanakata kona na kurudi kwenye injini bila kupoa. Umeitoa ili ipoe, ndiyo kwanza inazidi.

Boti ninayotaka kuisimulia ilifika mikononi mwangu ikiwa imeshapitia hayo. Ni mashua ya mbao ya mita 12 hivi, ndani ina dizeli ya silinda nne ambayo zamani ilikuwa ya lori, ikafungwa kipozeo na pampu ya maji ya bahari ikageuka ya boti. Inabeba chumvi, nazi, saruji, mara vitanda na magodoro ya harusi ya mtu, kati ya Mtwara, Lindi na Kilwa Masoko. Kabla sijaitwa ilikuwa imeshatolewa themostati, imebadilishwa mfuniko wa tangi la maji, imenunuliwa pampu mpya nzima, na kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya injini, ilikuwa imemwagwa na kujazwa upya. Na bado inachemsha.

Spea hizo zote zinatoka Dar es Salaam kwa basi, na mtu wa Kusini anajua maana yake. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, Kilwa, mizigo yetu ilikwama huko na sisi tukakaa tunaangaliana na mashine zilizofunguliwa. Lakini hata barabara ikiwa nzima, kununua spea kwa kubahatisha ni kumlipisha tajiri nauli ya vyuma ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo maana mimi sishiki spana kabla sijauliza.

Nahodha wa mashua ile ni mtu mzima, amezaliwa Msanga Mkuu, bahari anaijua kuliko barabara. Nikamwamkia, nikakaa naye kwenye ubao wa tezi.

"Mjomba, inachemsha wakati gani?"

"Inachemsha tu, fundi. Mashine mbovu hii."

"Ukiiwasha ikakaa hapa hapa bandarini?"

"Hapana, hapa haina neno. Hata nusu saa."

"Ukitoka taratibu?"

"Taratibu inakwenda. Nikiiongeza resi nipite nje ya mlango wa bandari, geji inaanza kupanda. Nikipunguza, inashuka. Nikiongeza, inapanda. Mchezo huo huo mpaka Lindi."

Maneno hayo yalikuwa na faida kuliko pampu mpya. Injini inayochemsha mara tu baada ya kuwashwa, hata resi ikiwa chini, mara nyingi haipati maji kabisa: impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu, imekatika, koki ya chini ya kuingizia maji ya bahari imefungwa, mkanda wa pampu umekatika, au themostati imeganda ikiwa imefunga. Injini inayochemsha resi ikipanda tu, maji inayapata lakini hayatoshi, au yanatosha ila kipozeo kimeziba, au inabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Injini iliyokuwa nzima jana na leo ghafla inachemsha ina kitu kimekatika au kimenasa. Ile ambayo kila mwezi inapanda nyuzi kidogo ina kitu kinachojaa polepole, chumvi au masizi. Nahodha aliyekaa miaka usukanini anajua yote hayo bila kushika bisibisi, ila hakuna anayemuuliza. Fundi akifika anakwenda moja kwa moja kwenye mashine.

Kwa asiyeifahamu injini ya ndani, humo mna maji ya aina mbili na hayakutani. Ya kwanza ni maji ya ndani, maji yasiyo ya chumvi yaliyochanganywa na kulanti, yanazunguka kwenye injini siku zote bila kutoka. Ya pili ni maji ya bahari. Yanaingia kwa tundu chini ya chombo, yanapita koki, yanapita chujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira, yanasukumwa kwenye kipozeo ambacho mafundi wengi wanakiita hiti eksichenja, na humo yanapita ndani ya vijibomba vyembamba vya shaba huku maji ya ndani yakipita kwa nje yake. Yakishachukua moto yanamwagwa kwenye kona ya ekzosi, yaani bomba la moshi, yanachanganyika na moshi, yanatoka nje. Gari lina rejeta na upepo. Boti ina kipozeo na bahari. Njia ni moja, ina mwanzo na mwisho, kwa hiyo unaweza kuifuata kwa mkono kutoka baharini mpaka baharini.

Kabla ya kufuata chochote, hakikisha geji inasema kweli. Waya wa geji ukishika kutu kwenye kile kisoketi chake, mshale unaruka unavyotaka. Nina kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola, cha kupimia mashine. Nasema cha kupimia mashine kwa sababu kijana mmoja wa pale bandarini aliposikia nakitafuta, aliniletea kile cha wakati wa korona cha kupimia watu kwenye paji la uso. Tukakielekeza kwenye injini, kikaandika kwamba joto limezidi, basi. Kile kimetengenezwa kwa homa ya binadamu, nyuzi arobaini na kitu kimefika mwisho wa elimu yake. Hata hicho cha mashine kina hila zake. Ukikilenga kwenye shaba au chuma kinachong'aa kinasoma chini ya joto la kweli. Mimi hubandika kipande cha utepe mweusi mahali ninapotaka kupima, au napaka rangi nyeusi duara dogo, halafu napima hapo hapo kila siku.

Geji ya mashua ile ilikuwa sawa. Kwa hiyo injini ilikuwa inachemsha kweli.

Tukatoka nayo nje. Nikabandika utepe pale maji ya bahari yanapoingia kwenye kipozeo na pale yanapotoka, nikakaa chini huko na kipimajoto changu, masikio yakinguruma. Resi ya chini: yanaingia nyuzi 28, yanatoka 36. Nikampigia nahodha kelele aongeze. Mshale ukaanza kupanda, na mimi nikapima tena. Yanaingia 28, yanatoka 55.

Hapo ndipo penye siri ambayo ningependa kila mwenye boti aijue. Vijibomba vya kipozeo vikiwa vimeganda chumvi kwenye kuta zake, maji ya bahari yanapita bila kuushika ule moto, yanatoka karibu na yalivyoingia, huku injini inaungua. Lakini maji yakiwa machache, hayo machache yanapakiwa moto wote, yanatoka yakiunguza. Nyuzi 55 pale pa kutokea ilikuwa ina maana kipozeo kinafanya kazi yake. Kilichokosekana ni maji. Nikapanda juu nikachungulia ekzosi: maji yanatema kidogo kidogo, na juu yake moshi mweupe. Nikauangalia unavyopotea hewani haraka. Huo ulikuwa mvuke. Moshi wa dizeli isiyoungua unakaa kwenye maji, unanuka, unawasha macho.

Pampu ilikuwa mpya. Chujio tulilifungua, safi. Impela tuliitoa, mabawa yote yapo, laini. Mtu mwingine angesema basi, tuagize kipozeo. Nikamwambia tajiri asiagize kitu. Tukatia nanga, nikachukua mpira mpya wa maji, wenye waya ndani, niliokuja nao, upande mmoja nikaufunga kwenye mdomo wa pampu, upande wa pili nikauzamisha baharini ubavuni kwa chombo. Maana yake nimeiruka njia yote ya chini: tundu, koki, chujio na mipira yake. Tukawasha, tukapandisha resi mpaka pale pa ugomvi. Ekzosi ikatapika maji ya kutosha kunawia watu watatu. Mshale haukuondoka mahali pake.

Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya tundu la chini na pampu, kipande cha njia kisichozidi mita mbili. Koki tuliifungua na kupitisha kijiti mpaka nje, njia nyeupe. Ukabaki mpira.

Kwa nje mpira ule ulikuwa unapendeza. Mweusi, hauna ufa, klipu zake mpya. Hauvuji hata tone. Ila ulikuwa si mpira wa kuvutia maji, ule wenye waya wa chuma uliozungushwa ndani; ulikuwa mpira wa kawaida uliokatwa dukani kwa kipimo. Nikamwambia kijana aushike huku resi ikipanda. "Fundi, unanywea!" akasema, akautoa mkono. Tukaushusha, nikaupasua kwa kisu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tabaka la ndani lilikuwa limebanduka upande mmoja, limelegea kama soksi iliyoteremka mguuni. Pampu ikivuta taratibu, maji yanapita pembeni yake. Pampu ikivuta kwa nguvu, lile tabaka linanyanyuka na kuziba njia zaidi ya nusu. Resi ikishuka linalala tena. Ukifungua mpira chombo kikiwa kimesimama ukachungulia kwa tochi, unaona njia iko wazi. Ndiyo maana kila aliyechungulia kabla yangu aliona hakuna kitu.

Nahodha alikichukua kile kipande, akakigeuza geuza, akakicheka. Tajiri hakucheka.

"Yaani mpira tu, fundi?"

"Mpira tu, mzee."

"Mpira wa bei hiyo, na wewe unanitajia ufundi wa bei hii?"

Hili ni jambo linalonikera kidogo na nitalisema. Wenye vyombo wetu wako tayari kulipia chuma, hawako tayari kulipia kutafuta. Pampu nzima alilipia bila swali kwa sababu aliiona kwenye boksi. Saa nilizokaa chini kwenye joto na harufu ya maji ya ngama, hizo hazina boksi. Tulielewana mwishoni, akanilipa kwa mafungu, na themostati mpya nikaifunga mahali pake huku akiniangalia kwa wasiwasi.

Haikuishia hapo. Kuelekea kaskazini ilikwenda vizuri, lakini ikirudi Mtwara na mzigo, upepo wa kusi uko usoni na mawimbi yanaipiga omo, mshale ulikuwa unapanda tena, safari hii polepole, unafika 95 na kukaa. Nahodha akanipigia simu, na alichonieleza kwanza kilikuwa moshi. "Mweusi, fundi. Tena ukiongeza resi, resi yenyewe haipandi." Injini inayotoa moshi mweusi na kukataa kufika resi yake imeelemewa. Maji yote ya Bahari ya Hindi hayatapoza mashine inayosukuma kitu kilichokataa kwenda.

Tukaingoja bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukiiegemeza mashua mahali pazuri maji yakiwa yamejaa, yakipwa inabaki kavu na unatembea chini yake kwa miguu. Nilichokiona chini ya ile mashua ningekipiga picha kama simu yangu ingekuwa na chaji. Chaza na magamba magumu yamejipanga mkuku mzima, majani ya bahari yananing'inia, propela imevaa ganda la chokaa mpaka makali yake hayaonekani, na kwenye shafti umejisokota uzi wa wavu wa nailoni umekaza mpaka umeyeyuka na kuwa bonge moja. Hata wavu wa tundu la kuingizia maji ulikuwa umeota. Vijana wakakwangua mpaka maji yakaanza kurudi. Safari iliyofuata, nahodha anasema, ilikuwa mashua nyingine, na dizeli ilipungua.

Kuna kitu kingine kinachochangia huku kwetu na watu hawakifikirii. Bahari yetu mwezi wa tatu na wa nne inafika nyuzi 29 au 30. Agosti inashuka kwenye 25 hivi. Kipozeo kilichoziba theluthi moja kinaweza kuvumilia kusi yote, halafu msimu wa joto ukifika kinashindwa, na mwenyewe anaapa kwamba hakugusa kitu. Kweli hakugusa.

Kwenye kipozeo chenyewe, yako mawili nimeyaona mpaka nimechoka. La kwanza ni zinki. Ndani ya vipozeo vingi kuna kijiti cha zinki kilichofungwa kwenye bolti ya shaba, na kazi yake ni kuliwa. Chumvi na shaba vikikutana lazima kitu kiliwe, basi kinaliwa hicho kabla ya vijibomba. Kikifika nusu unakibadilisha. Nimekuta mahali pa zinki pamefungwa bolti ya kawaida kwa sababu zinki haikupatikana dukani, na miezi ikapita, vijibomba vikatoboka, maji ya bahari yakaingia kwenye maji ya ndani, na injini nzima ikaanza kuliwa kwa ndani. Nimekuta pia zinki iliyosahaulika mpaka ikamomonyoka, vipande vikaenda kuziba vijibomba. La pili ni mabawa ya impela. Impela ikikatika, fundi anatia mpya na kuwasha. Mabawa ya zamani yamekwenda wapi? Hayakuyeyuka. Yamekaa kwenye mlango wa kipozeo. Yahesabu, na likikosekana hata moja, lifuate kwenye mpira mpaka ulipate. Impela ya mpira ikizunguka bila maji hata dakika moja tu inaweza kuungua, kwa hiyo anayewasha mashine koki ikiwa imefungwa amenunua impela.

Kusafisha vijibomba hakuhitaji kitu cha kuagiza. Natoa vifuniko vya pande zote mbili, naloweka kwa siki au maji ya ndimu nyingi mpaka chumvi ilegee, halafu napitisha chelewa ya ufagio, kijibomba kimoja kimoja. Chelewa ina ugumu wa kutosha kusukuma uchafu na haina nguvu ya kuchubua shaba. Spoku ya baiskeli inachubua. Maji ya betri, ambayo kuna mafundi wanayapenda kwa sababu yanatoa povu na kufurahisha macho, yanakula na shaba na risasi ya viungio. Baada ya hapo suuza kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, na gasketi za vifuniko tia mpya.

Kona ya ekzosi ndiyo wanayoisahau wote. Pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi wa moto, masizi na chumvi vinaganda pamoja, tabaka juu ya tabaka. Nimeshatoa kona ambayo tundu lake lilikuwa la kupitisha mayai ya kuku likabaki la kupitisha kidole. Injini ya hivyo haipumui na haitoi maji, na ukiendelea kutafuta kwenye pampu utatafuta mpaka mwaka ugeuke.

Boti moja ya abiria pale Mikindani iliwahi kupewa sifa ya kuwa na jini. Inachemsha katikati ya maji, wanazima, wanasubiri, wanawasha, inakwenda bila tatizo mpaka siku nyingine. Ukiangalia, hakuna kitu. Kumbe ni mfuko wa plastiki. Pampu ikivuta, mfuko unajibandika kwenye tundu la chini; mashine ikizimwa, hakuna kinachouvuta, unadondoka na kuendelea na safari zake. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ila bahari haijasoma tangazo. Walipofungiwa wavu wenye nafasi pana kidogo juu ya tundu, jini akahama.

Hewa nayo inadanganya. Kifuniko cha chujio kikiwa na pete ya mpira iliyokauka, na chujio liko juu ya usawa wa maji, hutaona tone likivuja, kwa sababu upande ule unavuta. Badala ya kutoa maji nje unaingiza hewa ndani. Kama kifuniko ni cha kuonyesha, utaona mapovu yanakimbia humo. Kama si cha kuonyesha, paka grisi kuzunguka ukingo wake mashine ikiwa inanguruma. Mtiririko wa ekzosi ukibadilika, umeshampata.

Gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, naiacha ya mwisho, maana ni ghali na wengi wanaikimbilia mapema. Dalili zake zinajisema: mipira ya maji inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala, mapovu hayakomi kwenye tangi la maji, maji ya ndani yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, oili inageuka rangi na kuwa nzito ya maziwa. Usipoona hata moja kati ya hizo, waache bolti za hedi walale.

Na maji ya kujazia yasiwe ya kisima chochote kilicho karibu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, hata kama watu wameshazoea kuyanywa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa, pamoja na kulanti yake. Ukishajaza, iache mashine ifanye kazi kidogo huku ukitoa hewa kwenye sehemu ya juu, maana hewa ikinasa humo geji inaweza kupanda wakati tangi linaonekana limejaa.

Nahodha aliye katikati ya maji hana nafasi ya kupima nyuzi. Mshale ukipanda, ninachowaambia wapunguze resi kwanza na wachungulie ekzosi. Maji yakiwa yanatoka, endelea taratibu, usizime ghafla, acha maji yaendelee kuzunguka na kubeba moto. Maji yakiwa hayatoki, zima hapo hapo, tupa nanga kama kina kinaruhusu, na kama tanga lipo lipandishwe. Mkondo wa mlango wa bandari ya Mtwara maji yakitoka haumngoji mtu. Mfuniko wa tangi usiguswe injini ikiwa ya moto. Mfuniko ule ndio unaoyabana maji yasichemke yakipita nyuzi 100, na siku ukiufungua yote yanachemka kwa pamoja, usoni kwako. Wala usimwagie mashine ndoo ya maji ya bahari ili kuiharakisha. Chuma cha moto kikimwagiwa baridi kinapasuka, na hedi iliyopasuka inakuja kwa basi kutoka Dar.

Kwenye mashua ile sasa kuna ndoo yenye mfuniko chini ya ubao wa nahodha: impela ya akiba na gasketi yake, mita moja na nusu ya mpira wa waya, klipu, mkanda wa pampu, chelewa zilizofungwa kwa uzi, na kipimajoto. Kipimajoto amekinunua nahodha mwenyewe, na kila wakifika Lindi ananitumia namba kwa simu, za kuingia na za kutoka. Tajiri amekubali kila kitu kwenye ndoo ile isipokuwa zinki. Hiyo bado kila ikifika zamu yake ananiuliza kwa nini anunue kitu ambacho kazi yake ni kuliwa.